Kabla ya Kunyonya Mafuta au Kuchoma Sindano za Mikunjo: Jinsi ya Kupima Uamuzi Wako kwa Usalama

Miaka michache iliyopita, Mtanzania au Mkenya aliyetaka kunyonywa mafuta ya tumboni mara nyingi alipanda ndege kwenda India au Uturuki. Leo huduma hizo zinapatikana Dar es Salaam na Nairobi, katika hospitali binafsi na hata za umma, kwani Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila nayo inaweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Pamoja na hospitali hizo kumezuka saluni, vyumba vya urembo na watu binafsi wanaojitangaza kwenye simu kwa picha za kabla na baada. Anayeuliza huduma hizi huanza na bei. Katika mwongozo huu ninamwomba aiweke bei mwisho kabisa, baada ya kujua anataka kuondoa kitu gani, nani atakishika, mahali gani, na mambo yakiharibika nani atamwokoa.

Anza kwa kujua ulichonacho

Simama mbele ya kioo, legeza tumbo, kisha ulibane kwa vidole viwili. Kinachobanika ni mafuta yaliyo chini ya ngozi, yaani yale ambayo watu wetu huyaita nyama uzembe, na hayo ndiyo mrija wa kunyonyea unaweza kuyafikia. Ikiwa kitambi ni kigumu kama ngoma na ngozi ya juu ni nyembamba, mafuta mengi yako ndani, yamezunguka utumbo na ini, na hakuna mashine wala mrija wa urembo utakaoyatoa. Hayo hupungua kwa chakula, mazoezi na, kwa baadhi ya watu, dawa au upasuaji wa tumbo la chakula chini ya daktari. Mama aliyezaa mara kadhaa anaweza kukuta tumbo lake limechomoza kwa sababu misuli miwili ya mbele imeachana, na ngozi yake imelegea. Akinyonywa mafuta katika hali hiyo, ngozi italegea zaidi, na atatoka na tumbo linaloning'inia kuliko alilokwenda nalo.

Jambo la pili ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba kunyonya mafuta huchonga umbo na hakutibu unene. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene walionyonywa takribani kilo 10 za mafuta kila mmoja. Walipopimwa wiki 10 hadi 12 baadaye, mwili wao ulikuwa unaitikia insulini vilevile kama mwanzo, na shinikizo la damu halikuwa limeshuka. Kwa hiyo mtu mwenye kisukari au presha asiuze kiwanja chake akitarajia kwamba mrija utamwondolea dawa.

Uzito wako uwe umetulia kwa takribani miezi sita kabla ya kufikiria upasuaji wowote wa umbo. Anayetarajia kubeba mimba asubiri hadi amalize kuzaa, na anayenyonyesha asubiri hadi mtoto aache ziwa. Mwenye selimundu, aliyewahi kuganda damu mguuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, anayevuta sigara au mwenye makovu yanayovimba kila anapojikata ayaseme yote hayo kwa daktari pasipo kuulizwa, kwa maana kila moja hubadilisha uamuzi.

Kunyonya mafuta kwa mrija

Namna inayotumika sana leo ilitokana na kazi ya daktari wa ngozi Jeffrey Klein wa California katika miaka ya 1980. Daktari humimina chini ya ngozi maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi iitwayo lidokeini na adrenalini kidogo ya kuibana mishipa ili damu isipotee, kisha huingiza mrija mwembamba kupitia matundu madogo na kuyavuta mafuta. Matundu hayo ni madogo mno kiasi kwamba watu hudanganyika wakadhani ni jambo dogo. Ndani, mrija unapita mbele na nyuma mamia ya mara. Ukikosea njia hutoboa utumbo. Lidokeini ikizidi hudhuru moyo na ubongo. Damu inaweza kuganda mguuni na bonge lake kusafiri hadi kwenye mapafu.

Madaktari wa fani hii huhesabu lita 5 kuwa mpaka: mtu anayetolewa zaidi ya hapo kwa siku moja anatakiwa kulazwa na kuangaliwa usiku kucha. Ukiambiwa kwamba utatolewa mafuta ya tumbo, mgongo, mikono na mapaja kwa mkupuo mmoja na jioni urudi nyumbani, ondoka. Muulize daktari atatoa lita ngapi, atatumia kiasi gani cha lidokeini kwa kila kilo ya uzito wako, na kama utachomwa ganzi tu au utalazwa kwa nusu kaputi. Ikiwa ni nusu kaputi, lazima kuwe na mtaalamu wa usingizi ambaye kazi yake saa hizo ni moja tu, kukuangalia wewe unavyopumua. Anayekata asiwe ndiye anayetoa dawa ya usingizi.

Nataka nikae kidogo kwenye kuhamishia mafuta makalioni, kwa sababu ndiko wanawake vijana wanakokufa. Mwaka 2017 jopo la madaktari wa upasuaji wa urembo lilitoa taarifa iliyokadiria kwamba huenda mwanamke 1 kati ya 3,000 alikuwa akipoteza maisha kwa upasuaji huo, kiwango kikubwa kuliko cha upasuaji mwingine wowote wa urembo. Chanzo kilifahamika: makalio yana mishipa mikubwa ya damu ndani ya misuli, na mafuta yakichomwa ndani ya misuli huingia katika mishipa iliyopasuka, yakaenda moja kwa moja hadi moyoni na kwenye mapafu. Tangu hapo maelekezo ni kwamba mafuta yawekwe juu ya msuli tu, chini ya ngozi, na madaktari waangalifu huuongoza mrija kwa kipimo cha altrasaundi ili waone ncha yake iko wapi. Basi muulize daktari swali hili kwa maneno haya: "Daktari, mafuta yangu utayaweka kwenye safu gani, na utajuaje kwamba mrija haujaingia kwenye msuli?" Daktari anayeijua kazi yake hatachukizwa na swali hilo, na mara nyingi atachukua kalamu akuchoree. Anayesema "niachie mimi" amekwisha kukujibu.

Kugandisha mafuta, sindano za kuyeyusha na dawa za kupunguza hamu ya kula

Kugandisha mafuta kwa baridi kulianzia kwa madaktari Dieter Manstein na Rox Anderson wa Boston, waliotangaza utafiti wao mwaka 2008, na mashine ya kwanza ikaruhusiwa Marekani mwaka 2010. Seli za mafuta huumia kwa baridi mapema kuliko ngozi, hivyo hufa taratibu na mwili huziondoa kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Tarajia safu ya mafuta ya sehemu iliyobanwa ipungue kwa takribani asilimia 20 hadi 25, si zaidi, wala usitarajie mizani kubadilika. Kwa wachache hutokea kinyume: badala ya kupungua, mafuta ya sehemu hiyo hukua na kuwa magumu, yakichukua umbo la kifaa kilichowabana, na hayaondoki ila kwa upasuaji. Mwanamitindo Linda Evangelista alieleza hadharani mwaka 2021 kwamba yalimpata hayo. Mwenye ngiri au ugonjwa wa damu unaochochewa na baridi asiguse mashine hii kabisa, na mashine za bei rahisi zisizo na kipima joto cha kuaminika huunguza ngozi kwa barafu.

Sindano za kuyeyusha mafuta ndizo zinazonitia hofu zaidi, maana zinauzwa mtandaoni na kuchomwa sebuleni. Asidi ya deoksikoli iliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2015 kwa sehemu moja tu, mafuta ya chini ya kidevu, na mwaka 2023 mamlaka hiyo hiyo iliwaonya watu dhidi ya michanganyiko isiyoidhinishwa iliyowaachia wateja majipu, uvimbe na makovu ya kudumu. Ukichomwa tumboni mchanganyiko wa namna hiyo na mtu asiyejua undani wa tishu, ngozi inaweza kuoza pamoja na mafuta.

Dawa za sindano za kila wiki kama semaglutidi zina faida iliyothibitishwa kwa watu wenye unene uliopitiliza, lakini zinahitaji cheti cha daktari na ufuatiliaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwezi Juni 2024 kuhusu Ozempic bandia (Ozempic ni jina la kibiashara la semaglutidi) zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Nchi zenye ukaguzi mkali zimeingiliwa. Kalamu ya sindano hiyo inayouzwa kwa ujumbe wa WhatsApp pasipo jokofu wala risiti isiaminiwe.

Ngozi: anza na kilicho rahisi

Ngozi nyeusi huzeeka kwa njia yake. Melanini huikinga dhidi ya jua, hivyo mikunjo huchelewa, na kinachotangulia ni madoa, rangi isiyolingana na kulegea kwa mashavu. Mtu mwenye madoa ya mashavuni akienda kuchomwa Botox ametibu kisichomuuma. Botox hulegeza misuli, kwa hiyo huondoa mistari inayojitokeza unapokunja uso, kati ya nyusi na kwenye paji. Huanza kufanya kazi ndani ya siku chache, hukamilika kwa wiki mbili na huisha kwa miezi mitatu au minne. Fila, ambayo mara nyingi ni asidi ya hayaluroni, hujaza palipobonyea. Leza na maganda ya kemikali hushughulika na uso wa ngozi yenyewe. Ukishajua tatizo lako liko kundi lipi, nusu ya matangazo yanakuwa hayakuhusu.

Kabla ya hayo yote, tumia miezi sita kwenye mambo mawili yasiyo na kisu. La kwanza ni mafuta ya kujikinga na jua. Utafiti uliofanyika Nambour, Australia, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia watu 903 wenye umri chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu, na waliopaka kila siku ngozi yao ilionyesha dalili za kuzeeka kwa asilimia 24 pungufu ya waliopaka walipojisikia. Wengi wao walikuwa watu weupe, ndiyo, lakini kwa madoa ya ngozi yetu mafuta yenye kinga ya SPF 30 au zaidi, yaliyotiwa rangi ya udongo kwa oksidi ya chuma, yana faida ya ziada, kwani mwanga wa kawaida unaoonekana nao huyakoleza madoa na rangi hiyo huuzuia. La pili ni krimu ya tretinoini, inayotolewa kwa cheti cha daktari. Chukua kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, mara mbili kwa wiki kwanza, kisha uongeze ngozi ikizoea. Mjamzito asiitumie.

Hapa siwezi kuupita mkorogo. Anayeutumia unamtambua sokoni kabla hajasema neno: uso ni mweupe mwekundu, masikio yamebaki meusi, na ukitazama mkono unaokupa chenji utaona vifundo vya vidole vimekuwa vyeusi ti, kana kwamba vimepakwa masizi. Mchanganyiko huo kwa kawaida huwa na steroidi kali, haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki. Steroidi huikondesha ngozi hadi mshipa unaonekana, haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huacha weusi wa buluu usiotoka, na zebaki huharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa pamoja na mambo mengine kuondoa vipodozi vya zebaki duniani. Tanzania, vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019; Kenya ni KEBS. Ngozi iliyochubuliwa haivumilii leza wala ganda la kemikali, kwa hiyo mwambie daktari wa ngozi ukweli hata kama unaona aibu, na usiache steroidi ghafla pasipo msaada wake, kwani uso unaweza kulipuka kwa vipele na kuwasha.

Leza, maganda na sindano kwenye ngozi nyeusi

Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick wa Harvard alianzisha mpangilio wa aina za ngozi kwa kuangalia inavyoungua juani, na wengi wetu tuko kwenye aina ya tano na ya sita. Leza nyingi hutafuta rangi ili zipeleke joto. Ngozi yenye rangi nyingi hulimeza joto hilo, ikaungua na kuacha madoa meusi au meupe mabaya kuliko yaliyopelekwa hospitali. Leza ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064 hupenya chini zaidi na huikwepa melanini kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana huchukuliwa kuwa salama zaidi kwetu. Uliza jina la leza na urefu wa mawimbi yake. Omba ijaribiwe kwanza sehemu ndogo iliyofichika, karibu na sikio au chini ya taya, kisha usubiri wiki nne au zaidi, maana weusi wa baada ya kuungua huchelewa kutokea. Omba pia picha za wateja wenye ngozi kama yako, zilizopigwa miezi sita baadaye. Kwa maganda, yale mepesi ya asidi ya glikoli au salisili yanavumilika yakifanywa taratibu. Ganda zito la fenoli lisikaribie ngozi nyeusi, na fenoli yenyewe inaweza kuuvuruga moyo.

Fila inahitaji heshima ya pekee. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi ya eneo hilo hukosa damu na kufa, na ikiwa imechomwa puani au kati ya nyusi inaweza kufika kwenye mshipa wa jicho na kumpofusha mtu dakika hiyo hiyo. Fila ya asidi ya hayaluroni ina dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidasi, na anayekuchoma fila pasipo kuwa nayo mezani asikuguse. Mwambie akuonyeshe kichupa chake kwanza.

Ninasisitiza kuonyeshwa vichupa kwa sababu ya jambo nililoliona. Nilimsindikiza dada yangu kwenye chumba kimoja cha urembo, kisafi, chenye marashi na viti vyeupe, alikokuwa achomwe sindano ya mikunjo. Mhudumu aliingia na kisahani cha chuma chenye bomba la sindano lililokwisha kujazwa. Nikasema, "Samahani dada, tunaomba tuone kichupa kilikotoka." Akajibu kwamba kichupa kimeshatupwa, na kwamba wateja wote wa wiki ile wamechomwa dawa hiyo hiyo. Hakukuwa na jina, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda. Dada aliomba radhi, akachukua mkoba wake, tukaondoka. Fedha ya kushika nafasi hatukurudishiwa. Botox halali huja ikiwa unga mkavu kidogo sana kwenye kichupa, hutunzwa kwenye jokofu, huchanganywa na maji ya chumvi mbele yako, na kichupa hicho ni chako. Fila huja kwenye pakiti iliyofungwa na lebo ndogo ya kubandua. Moja ibandikwe kwenye faili lako na nyingine uipige picha.

Mtu na mahali

Tafuta jina la daktari kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au ile ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya; zote zinatafutika mtandaoni. Angalia mambo mawili: leseni ya mwaka huu, na ubingwa alioandikishwa. Daktari wa kawaida aliyehudhuria mafunzo ya siku mbili Dubai bado si bingwa wa upasuaji rekebishi, na cheti kilichowekwa fremu ukutani hakibadilishi hilo. Kituo nacho kina usajili wake, unaosema kama kinaruhusiwa kufanya upasuaji au kuona wagonjwa wa nje tu. Kwa upasuaji, uliza kilipo chumba cha wagonjwa mahututi, nani anamiliki gari la wagonjwa, na hospitali gani imekubali kupokea wagonjwa wao usiku wa manane. Majibu hayo yapatikane kwenye karatasi.

Fomu ya ridhaa ichukue nyumbani, uisome kwa lugha unayoielewa vizuri, na ujipe wiki mbili kabla ya kutia saini. Punguzo la "leo tu" lisikukimbize. Bima za afya kwa kawaida hazilipii urembo, na madhara yake pia huweza kukataliwa, kwa hiyo kwenye bajeti tenga fedha ya soksi na nguo za kubana, dawa, siku za kutofanya kazi na akiba ya kurudi chumba cha upasuaji. Anayesafiri nje ahesabu na siku za kukaa huko: huduma ya afya ya Uingereza hushauri kusubiri siku 5 hadi 7 kabla ya kupanda ndege baada ya kunyonya mafuta, na siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa uso au wa kukata ngozi ya tumbo, kwa ajili ya hatari ya damu kuganda. Baada ya hapo aulize ni daktari gani wa nyumbani atakayemtoa nyuzi.

Ukisharudi nyumbani, usilale peke yako usiku wa kwanza. Tembea chumbani kila baada ya saa chache ili damu isigande. Kushindwa kupumua, kifua kubana, kuchanganyikiwa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, homa, au tumbo kuwa gumu na kuuma zaidi kila saa ni sababu ya kwenda hospitali kubwa iliyo karibu mara moja, hata kama aliyekufanyia anakwambia kwenye simu kwamba ni kawaida. Kwa fila, dalili ni ngozi kupauka au kuwa na mabaka ya zambarau kama wavu, maumivu makali yasiyolingana na sindano, au jicho kuingia giza. Hapo hakuna kukanda kwa barafu wala kusubiri asubuhi. Nenda na picha ya lebo ya dawa na jina lake, ili daktari wa zamu asianze kwa kubahatisha. Madhara ya dawa au kifaa yaripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa Tanzania, au Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya, ukitaja namba ya toleo, kwa kuwa kwa namba hiyo ndipo wakaguzi wanapoweza kuifuata dawa hadi kwenye kabati ilikotoka.